Makumbusho ya Reli Nairobi, kwa macho ya fundi wa Bububu

Mimi ni mzaliwa wa Bububu, Unguja, na tangu nianze kusikiliza mazungumzo ya wakubwa nasikia ubishi uleule barazani: jina la kwetu limetoka wapi? Wako wanaosema ni mlio wa gari la moshi, bu-bu-bu, likija kutoka mjini. Wako wanaosema jina lina umri kuliko gari, ni la maji ya chemchemi yanavyobubujika. Ubishi huo sijauingilia hata siku moja. Lakini kwamba gari lilikuwepo, hilo nina shahidi. Bibi yangu mzaa mama alilipanda akiwa mtoto. Alikuwa akitusimulia usiku, sisi tumelala mkekani, kwamba walilipandia Ngome Kongwe, likapita baina ya nyumba za mjini karibu kiasi cha kugusa ukuta kwa mkono, na kwamba cheche ilirukia kanga ya mama yake ikaacha tundu la kupita kidole. Tundu lile mama yake hakulishona. Alikuwa akiwaonyesha watu.

Kwa hiyo nilipofika Nairobi Julai iliyopita na binti yangu akaniuliza, "Baba, nikupeleke wapi?", jibu lilikuwa tayari mdomoni. Wageni wengi huenda kutazama wanyama. Mimi nilisema nipelekwe kwenye magari ya moshi.

Niseme mapema mimi ni nani, ili msomaji ajue anaongozwa na macho ya nani. Ni fundi wa mashine za boti pale Malindi ya mjini Unguja, zaidi ya miaka 30 sasa. Historia sijaisomea. Chuma nakijua kidogo, na popote niendapo mfukoni mna futikamba. Tulikuwa watatu: mimi, binti yangu aliyeolewa huko, na mjukuu wangu wa miaka tisa niliyesafiri naye kutoka Unguja katika likizo ya skuli.

Safari yenyewe tuliipanga iwe ya reli kadiri ilivyowezekana. Boti mpaka Dar es Salaam, basi mpaka Mombasa kupitia Tanga, tukalala kwa jamaa Mji wa Kale, kisha asubuhi treni mpya kutoka Miritini. Treni hii ilianza 2017, imenyooka, imepanda juu ya matuta na madaraja, na mtoto alihesabu tembo Tsavo mpaka akalala. Sehemu nyingine unaiona reli ya zamani chini kando, nyembamba, imejipinda ikifuata ardhi. Nilimwamsha nikamwonyesha. "Ile ndiyo tunayoifuata," nikamwambia. "Kesho kutwa tutaviona vilivyokuwa vikipita juu yake."

Makumbusho yapo nyuma ya stesheni ya zamani ya Nairobi, upande wa barabara ya Haile Selassie. Ukifika eneo la matatu linaloitwa Railways, uliza yeyote. Tulifika saa tatu na nusu asubuhi, baridi ya Julai ya huko inauma kweli, mimi na kofia yangu ya kiua na koti la kuazima. Kijana wa langoni alisema, "Karibu sana mzee, mmetoka mbali?" Nilipomwambia Zanzibar alitoka nje ya kibanda chake akatuelekeza mwenyewe. Tulianza na ukumbi wa ndani, lakini nitaueleza baadaye, kwa sababu moyo wangu wote ulikuwa uwanjani.

Uwanjani mmesimama vichwa vya treni vya moshi, kimoja nyuma ya kimoja kwenye vipande vya reli, na nyasi chini yake. Vipo vidogo vya zamani vilivyokuwa vikisukuma mabehewa bandarini na stesheni, na vipo vya safari ndefu. Halafu kuna viwili ambavyo ukiviona unanyamaza.

Hivi ni vya daraja la 59, yaani aina moja ya vichwa. Vilitengenezwa 34 na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, Uingereza, katikati ya miaka ya 1950, na kila kimoja kilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Vilivyobaki duniani ni viwili tu, na vyote viwili vipo hapa: namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena. Nilisoma vibao hivyo mara mbili. Gelai ni mlima ulio kando ya Ziwa Natron, na Shengena upo Upareni. Yote ni milima ya Tanzania! Nilimwambia mjukuu wangu, akatabasamu kama aliyekuta ndugu ugenini.

Uzito wa kimoja ni tani 252, urefu unazidi mita 31. Katika reli za upana wa mita moja, dunia nzima haikuwahi kuwa na kichwa cha moshi kikubwa kuliko hiki. Lakini ukubwa peke yake haukunishika. Kilichonishika ni akili iliyomo. Mtoto alianza kuhesabu magurudumu upande mmoja akitembea, akafika kumi na manne, akarudi akihesabu tena kwa sababu hakuamini. Ni kumi na manne kweli, na upande wa pili mengine kumi na manne. Makubwa yanayosukuma yananifika kifuani. Sasa tazama: reli ile imejipinda, na chuma cha mita 31 hakipindi. Kingekuwa kipande kimoja kingetoka njiani kwenye kona ya kwanza. Mwingereza mmoja aitwaye Herbert Garratt aliligawa umbo mara tatu. Mbele pana seti ya magurudumu na silinda zake mbili, na juu yake tangi la maji. Nyuma pana seti nyingine na silinda zake mbili, na juu yake mafuta mazito ya kuwashia moto. Katikati boila na chumba cha dereva vimening'inia kama daraja, vimeegemea seti zote mbili kwenye egemeo linalozunguka. Kikiingia kwenye kona, mbele inageuka, nyuma inafuata, katikati inabaki salama. Na kwa kuwa boila haina magurudumu chini yake, wameweza kuinenepesha watakavyo na kulishusha tanuri chini likapata hewa. Na uzito umegawanyika katika magurudumu mengi, ndipo reli nyepesi ikaweza kubeba.

Niliinama chini ya Mount Gelai mpaka binti yangu akaona haya. Nilishika konrodi, ule mkono wa chuma unaozungusha magurudumu, kwa mikono miwili na vidole havikukutana. Niliangalia mahali bomba la stimu linapovuka kutoka kwenye boila isiyogeuka kwenda kwenye silinda zinazogeuka, kwa sababu hapo ndipo fundi angelia kila wiki: kiungo cha bomba kinachocheza huku kimebeba stimu ya moto mkali, na kisivuje. Watu walioitunza mashine hii Nairobi, Mombasa na Voi walikuwa mafundi wa kweli. Mzigo wa tani 1,200 ilikuwa ikiupandisha mlima wenye mwinuko wa mita moja na nusu katika kila mita 100. Kutoka bandari ya Mombasa mpaka Nairobi ni kupanda zaidi ya mita 1,600, na joto la nyika ya Taru katikati. Hadi 1980 zilikuwa bado kazini.

Nilitoa futikamba nikapima baina ya chuma na chuma chini ya magurudumu yake. Milimita 1,000, haizidi haipungui. Mtoto alishika ncha moja. Kipimo kile nitakirudia.

Jirani kuna Nyaturu, namba 3020, wa daraja la 30. Hilo daraja walilipa majina ya makabila, na Wanyaturu ni watu wa Singida. Yapo pia majina ya watu wa Kenya na Uganda kwenye vichwa vingine. Ukitembea ukisoma vibao unaisoma Afrika Mashariki yote. Nadhani hapo ndipo nilipoelewa mahali nilipo. Makumbusho haya yalifunguliwa 1971, wakati Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa bado moja, la Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, kila nchi ikachukua reli yake. Nilikuwa kijana mdogo, na nawakumbuka wazee wakilizungumza jambo hilo kama talaka. Vichwa hivi vilibaki pale vilipokuwa vimesimama. Kwa hiyo Mzanzibari akiingia lango lile hajaingia kwenye vitu vya watu. Sehemu yake imo.

Na imo kwa njia nyingine pia. Reli iliyojenga mji ule ilianza Mombasa 1896, na Mombasa wakati ule ilikuwa katika ule ukanda wa pwani wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiuendesha kwa mkataba wa kulipa. Reli ilifika Nairobi 1899, mahali palipokuwa bwawa na maji baridi, ikafika Kisumu mwishoni mwa 1901. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India. Kiasi cha 2,500 walikufa kwa maradhi, ajali na wanyama. Gawa kwa urefu wa njia, ni watu wanne na zaidi kwa kila maili. Nilisimama mbele ya picha zao ukumbini, nyuso nyembamba, vilemba, majembe, nikawasomea Fatiha, kwa sababu baadhi yao bila shaka walikuwa Waislamu na sijui nani aliyewasomea pale walipoangukia.

Sasa behewa. Kila anayekwenda atakuuliza kama umeliona behewa la simba, basi nami nilieleze. Mwezi Juni 1900, stesheni ya Kima, kulikuwa na simba aliyekuwa akiua watu wa reli. Ofisa wa polisi aitwaye Charles Ryall alikuja na wenzake wawili, behewa lao likawekwa kwenye njia ya pembeni, wakakubaliana wakeshe kwa zamu. Ryall alikuwa zamu. Usingizi ukamchukua. Simba akaingia kwa mlango wa kusukuma pembeni, na behewa lilipoinama kwa uzito wake ule mlango ukateleza ukajifunga nyuma yake. Akamkanyaga mmoja aliyelala sakafuni, akamchukua Ryall, akatoka naye dirishani. Behewa lenyewe ndilo hili, limesimama, na unaweza kulitazama dirisha lile.

Mjukuu wangu alilitazama kwa muda mrefu. Halafu akauliza, "Babu, yule wa sakafuni alifanya nini?" Swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Nikamwambia alinyamaza. Behewa ni dogo kuliko unavyofikiri ukisikia hadithi. Ni hilo tu linaloogopesha, udogo wake: watu watatu na simba katika chumba kisichozidi jiko la nyumbani kwangu.

Ukumbi wa ndani, kama nilivyosema, tuliuanza lakini ni bora kuumalizia, jua likishakuwa kali. Kuna picha, vyombo vya mezani vya mabehewa ya kulia, mifano midogo ya treni na ya meli. Kuna kiti kilichokuwa kikifungwa mbele kabisa ya kichwa cha treni ili wakubwa watazame wanyama. Theodore Roosevelt wa Marekani alikalia kiti cha namna hiyo alipokuja 1909. Mtoto alitaka kujua vumbi na wadudu waliingia machoni au la. Hapo nilipita haraka. Kwenye mifano ya meli nilikaa, na sababu ni kazi yangu. Shirika la reli ndilo lililoendesha meli za maziwa, na nilipoziona nikaikumbuka Liemba ya Ziwa Tanganyika: Wajerumani waliiunda kwao 1913, wakaifungua vipande vipande, reli ikavibeba mpaka Kigoma, ikaungwa tena. Vita vilipowaelemea 1916 waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi wakapaka mashine zake grisi nene. Ilikaa chini ya maji miaka minane. Ilipoinuliwa 1924 mashine zilikuwa nzima, na 1927 ikarudi kazini. Mara ngapi nimewahadithia vijana wangu Malindi kisa hicho, wakinung'unika ninapowaambia wapake grisi!

Kwa anayetaka kwenda: vaa viatu vya kufunga, siyo ndara, kwa sababu ngazi za vichwa na mabehewa ziko juu na chuma kina kingo. Nguo nyeupe iache nyumbani. Nenda asubuhi. Mwenye magoti mabovu ataona vya kutosha bila kupanda, lakini asikose kuingia angalau chumba kimoja cha dereva akatazame mlango wa tanuri, mikono ya valvu na geji. Kiingilio hakikuniumiza mfuko. Anayependa vitu vinavyong'aa huenda asiridhike, maana vichwa hivi vinalala nje, jua na mvua ni vyao, na rangi ya damu ya mzee ya Mount Shengena si ile ya siku alipotoka kiwandani. Binafsi natamani nione paa kubwa juu ya ile milima miwili kabla sijafa. Chuma na maji ya mvua havikai pamoja kwa wema. Lakini nasema hivyo kama mtu anayetamani baba yake apewe blanketi. Kila aliyeshika funguo za uwanja ule tangu 1971 na asivikate vichwa vile kuwa vyuma chakavu, Mwenyezi Mungu amlipe.

Maana vyetu sisi tumevikosa. Sultani wetu Seyyid Barghash alitandika reli kutoka mjini mpaka kasri lake la Chukwani karibu na 1880. Kwanza mabehewa yalivutwa na nyumbu, kisha akaagiza kichwa kidogo cha moshi kutoka Uingereza. Alipofariki 1888, reli iling'olewa. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ikajenga ile ya Bububu, maili saba, ikianzia Ngome Kongwe, ambayo karakana yake ilikuwa humohumo ngomeni. Serikali ikainunua 1911. Abiria waliisha 1922, ikabaki kubeba mawe ya kujazia bandari, na kabla ya miaka ya 1930 kusonga mbele ilikwisha. Pale Malindi ninapofanyia kazi, huenda nakanyaga mawe iliyoyabeba. Kichwa chake sijakiona. Gurudumu lake sijaligusa. Ninacho kisa cha kanga yenye tundu, na kanga yenyewe imeshaoza.

Nilipokuwa nimekaa juu ya Mount Gelai, mkono kwenye mpini wa stimu, binti yangu alinipiga picha. Nilimwomba anipige na nyingine, ya mkono peke yake. Hiyo ndiyo niliyokuja nayo barazani.

Jioni ya siku ya pili baada ya kurudi tulikaa na mzee wetu mmoja, umri wake umepita miaka 80, baba yake alikuwa akipanda lile gari kwenda sokoni na mazao. Alitazama picha kwenye simu, akauliza upana wa reli yao. Nikamwambia mita moja. "Na yetu?" Nikamwambia futi tatu. Mjukuu wangu akaingia ndani akatoka na chaki, mimi nikatoa futikamba, tukapiga mistari miwili kwenye saruji mbele ya baraza, milimita 914 baina yake, tukairefusha mpaka ukingo wa barabara ya mjini.

Mzee aliinuka kwa mkongojo wake akaja kusimama katikati ya ile mistari. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Wembamba namna hii," akasema, "na ikibeba watu?"

Mtoto akamwambia ikibeba, na mawe pia.